Bei ya Kunyamaza

Nchini Uingereza, intaneti ya nyumbani huuzwa kwa mkataba wa muda maalumu: miezi 12, 18 au 24, na kanuni haziruhusu mteja afungwe zaidi ya miezi 24. Katika kipindi hicho mteja mpya hulipa bei ya ofa. Kipindi kikiisha huduma haikatiki. Waya ni uleule, kasi ni ileile, ruta iko palepale sebuleni, ila bei hupanda na kuendelea kutozwa kila mwezi mpaka mteja mwenyewe achukue hatua. Akipiga simu na kusema anahama, aghalabu hupewa ofa nyingine papo hapo. Asipopiga, hulipa. Kwa mfano wa hesabu tu, nyumba iliyokuwa ikilipa pauni 28 kwa mwezi ikipandishiwa hadi 45 itatoa pauni 204 zaidi kwa mwaka, na jirani aliyejiunga wiki iliyopita kwa kampuni hiyohiyo bado analipa 28.

Jambo hili lilipata uzito wa kitaifa Septemba 2018, pale shirika la ushauri kwa wananchi, Citizens Advice, lilipopeleka kwa mamlaka ya ushindani, CMA, malalamiko ya aina ambayo sheria inailazimu mamlaka kuyajibu ndani ya siku 90. Shirika lilikadiria kuwa wateja wa muda mrefu katika masoko matano, yaani intaneti, simu za mkononi, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba, walikuwa wakilipa ziada ya pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Majadiliano yaliyofuata yalikuwa ya kiuchumi kwa lugha yake, lakini swali lililokuwa chini yake ni la kale kuliko uchumi: je, ni halali kumtoza mtu zaidi kwa sababu tu hakuuliza?

Jibu la haraka ni la ridhaa. Mteja alisaini, bei ya baadaye iliandikwa, na mlango wa kutoka haukufungwa. Dini zinazofuatwa zaidi na wasemaji wa Kiswahili zina hoja za kuliunga mkono jibu hili. Qurani, katika Sura ya An-Nisaa, inahalalisha biashara ya watu walioridhiana, na Sura ya Al-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Injili ya Mathayo, sura ya 20, ina mfano ambao wakili wa kampuni ya intaneti angeweza kuusoma mahakamani bila kuongeza neno. Mwenye shamba la mizabibu anaajiri vibarua alfajiri kwa dinari moja, kisha wengine saa tatu, saa sita na saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Jioni wote wanapokea dinari moja. Waliochomwa na jua kutwa nzima wananung'unika, naye anawajibu kwamba hakuwadhulumu: walikubaliana dinari moja na wameipata, na ukarimu wake kwa wengine haukuwapunguzia kitu.

Hapo penye neno "haukuwapunguzia" ndipo ulinganisho unapovunjika. Mwenye shamba alitoa mfukoni mwake. Ofa ya intaneti haitoki mfukoni mwa mtu mkarimu. Wachumi Xavier Gabaix na David Laibson walionyesha mwaka 2006 kwamba katika soko lenye ushindani, wateja waangalifu wanaweza kufurahia bei ya chini kwa sababu wasioangalia wanalipa ya juu, na kwamba ushindani peke yake hauondoi hali hiyo, maana kampuni itakayowazindua wasioangalia haipati faida kwa kazi yake: mteja akishazinduka huenda kufaidi bei ya chini palepale alipo au kwingineko. Ni kana kwamba kibarua wa saa kumi na moja analipwa kwa kukata ujira wa aliyeanza alfajiri. Mfano wa Injili ulihusu wivu wa mtu ambaye hajapoteza chochote, ilhali mteja wa zamani amepoteza pauni 204.

Hoja ya ridhaa ina ndugu yake mwenye elimu zaidi. Kuchimba mitaro na kupitisha nyuzi za faiba hadi kwenye nyumba za watu ni gharama kubwa ambayo hulipwa mara moja, lakini kumhudumia mteja mmoja zaidi baada ya hapo ni gharama ndogo mno. Kampuni inayouza kwa gharama hiyo ndogo itafilisika, kwa hiyo lazima mtu fulani alipe zaidi. Alipe nani? Frank Ramsey, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Cambridge aliyefariki mwaka 1930 akiwa na miaka 26, alikuwa amelijibu swali la aina hiyo katika makala yake ya mwaka 1927 kuhusu kodi: mzigo mkubwa uwekwe pale ambapo kupanda kwa bei hakutabadilisha sana kiasi ambacho watu wananunua, kwa kuwa hapo uharibifu kwa uchumi ni mdogo. Wachumi waliomfuata waliihamishia kanuni hiyo kwenye bei za reli, umeme na simu. Kwa hesabu hiyo, mteja asiyetikisika ndiye anayefaa kubebeshwa gharama.

Hesabu ya Ramsey haina kosa, lakini inajibu swali la ufanisi. Tena aliifanyia serikali inayotafuta mapato ya umma, na serikali humrudishia mlipaji barabara na shule. Zaidi ya hayo, inauchukua utulivu wa mteja kama jambo la maumbile, mfano wa kiu ya maji au haja ya chumvi. Utulivu wa mteja wa intaneti kwa sehemu kubwa hutengenezwa: ofa inayobadilika kila wiki, majina ya vifurushi yasiyolinganika, simu inayopokelewa baada ya muziki mrefu, na kitengo kizima cha wafanyakazi ambao kazi yao ni kumbembeleza anayetaka kuondoka. Anayejenga ukuta hawezi kujitetea kwamba watu wa ndani hawapendi kutembea.

Basi suala linarudi kwenye kunyamaza, na kunyamaza huku ni kwa pande mbili. Mteja hanyanyui simu, na muuzaji, mpaka kanuni zilipobadilika mwaka 2020, hakulazimika kumwambia kwamba ipo bei nyingine. Cicero, mwandishi wa Kirumi, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rodo wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka zimeshang'oa nanga Aleksandria na ziko njiani. Aseme, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kutosema si sawa na kuficha, na muuzaji halazimiki kumwambia mnunuzi kila lenye faida kwake. Antipater, mwanafunzi wake, alipinga: binadamu ni jamii moja, na kumnyima mwenzako habari ili ufaidi kutojua kwake ni kuivunja jamii hiyo. Cicero alikaa upande wa Antipater. Wanafikra waliokuja baadaye hawakukubaliana naye wote. Mwanateolojia Thomas Aquinas, aliyeichambua kadhia inayofanana na hiyo katika karne ya 13, aliona kwamba haki haimlazimishi mfanyabiashara kutangaza kwamba bidhaa zaidi zinakuja, ingawa kufanya hivyo ni ukamilifu zaidi wa wema.

Wanasheria wa Kiislamu ndio waliolichimba jambo hili kwa undani zaidi, na mjadala wao unawagusa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Kishafii ndiyo yenye wafuasi wengi. Suala katika fiqhi ni la ghabni, yaani kupunjika katika bei. Mahanbali wanamtambua mtu wanayemwita mustarsili: mnunuzi asiyejua bei za soko na asiyejua kupatana, ambaye amejiachia mikononi mwa muuzaji. Kwao, akipunjika kupita kiasi ana hiari ya kuuvunja mkataba. Kiasi chenyewe kimegombaniwa. Wako waliotaja theluthi, wako walioiachia desturi ya mahali. Wanazuoni wa Kimaliki nao wana mlango unaofanana na huo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilipeleka jambo hilo hadi kwenye kazi ya msimamizi wa soko katika kitabu chake cha Al-Hisba: haijuzu kumuuzia mustarsili kwa bei inayozidi ile anayouziwa mwingine. Ni vigumu kupata maelezo ya karne ya 14 yanayolikaribia zaidi shauri la bei ya mteja mpya na mteja wa zamani.

Mashafii walikataa. Mfano unaosomeshwa katika vitabu vyao ni wa mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari. Muuzaji hakusema ni johari wala hakukipaka rangi. Mnunuzi hana hiari ya kurudisha, kwa kuwa amejipunja mwenyewe: angeweza kuuliza wajuzi na hakuuliza. Kwa mtazamo huu mteja wa intaneti hana dai. Orodha za bei ziko wazi kwenye tovuti na marafiki wapo. Uzembe wake haumfanyi muuzaji kuwa mwizi.

Lakini Mashafii haohao wana mlango mwingine, nao unabadilisha sura ya mjadala. Mtume Muhammad alikataza kuilaki misafara, yaani mjanja wa mjini kutoka nje ya mji kukutana na watu wa mashambani waletao bidhaa na kuzinunua kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Kwa hukumu ya Kishafii, aliyeuza katika hali hiyo akifika sokoni na kukuta amepunjika, ana hiari ya kuvunja mauzo. Kwa nini huyu apewe hiari na mnunuzi wa kioo anyimwe? Wote wawili hawakujua bei. Tofauti iliyo dhahiri ni chanzo cha kutojua. Mnunuzi wa kioo amekaa sokoni na wajuzi wamemzunguka. Mwenye msafara hakupewa nafasi ya kujua, na aliyefaidika ndiye aliyeiziba nafasi hiyo kwa kumwahi njiani.

Hivyo hata katika madhehebu yaliyo magumu zaidi kwa mnunuzi, swali si kama bei zimetofautiana wala kama mkataba ulisainiwa. Swali ni nani aliyetengeneza kutojua. Mteja wa intaneti yuko kati ya hawa wawili. Bei ya mteja mpya haikufichwa. Iko kwenye mabango ya barabarani. Kilichofichika, kabla ya kanuni za mwaka 2020, ni kwamba hata yeye, mteja wa zamani, angeweza kuipata au kuikaribia iwapo angetamka maneno fulani kwa mtu fulani. Bei halisi ya mteja wa zamani haikuwa kwenye tovuti, ilikuwa katika mazungumzo ya simu yaliyotofautiana kutoka mteja hadi mteja. Kwa jambo hilo mahususi yeye alikuwa mwenye msafara, na kampuni ndiyo iliyomlaki.

Aquinas, aliyemruhusu mfanyabiashara anyamaze kuhusu shehena zijazo, alikuwa mkali zaidi kwenye jambo linalokaribiana na hilo. Katika swali la 77 la nusu ya pili ya sehemu ya pili ya kitabu chake, Summa Theologiae, anaeleza kwamba muuzaji anaweza kuongeza bei ikiwa kuachana na kitu kunamletea hasara, kwa kuwa hasara hiyo ni yake. Lakini ikiwa mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa, na muuzaji hapati hasara yoyote, si halali kuongeza bei kwa ajili ya haja hiyo, kwa sababu inatokana na hali ya mnunuzi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza kisicho chake. Hoja hii inaingia katika bili ya intaneti bila kulazimishwa. Baada ya mwezi wa 24 gharama ya kumhudumia mteja haijaongezeka, tena kazi ya kumvuta na kumfungia ruta imeshalipwa. Kilichoongezeka thamani ni uchovu wake, shughuli zake na kusahau kwake, na vitu hivyo ni mali yake mwenyewe.

Hisia za watu wa kawaida zinaelekea upande huo. Watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1986 matokeo ya maswali waliyowauliza kwa simu wakazi wa Toronto na Vancouver. Duka limekuwa likiuza sepeto za theluji kwa dola 15. Asubuhi baada ya dhoruba kubwa linapandisha hadi 20. Asilimia 82 walisema si haki. Kwa upande mwingine, muuzaji aliyepandisha bei kwa sababu gharama zake zimepanda alieleweka. Mpaka waliouweka wakazi hao unapita karibu na palepale alipouweka Aquinas, ingawa ni wachache kati yao wanaoweza kuwa walimsoma.

Ipo njia rahisi ya kulipotosha shauri hili, nayo ni kulifanya la uaminifu: mteja amekaa miaka saba, basi alistahili shukrani. Magazeti ya Uingereza hupenda kulieleza hivyo, na hata jina lililozoeleka la ziada hii huifanya kuwa adhabu ya uaminifu. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwanafalsafa Josiah Royce, aliyeandika kitabu kizima cha falsafa ya uaminifu mwaka 1908, aliuelezea kuwa ni kujitoa kwa hiari na kwa vitendo kwa ajili ya jambo. Mtu aliyesahau tarehe ya mwisho wa mkataba hajajitoa kwa chochote, na kampuni ya intaneti si jambo la kujitolea. Kukaa tu hakuleti fadhila, na kama kungeleta, kampuni ingekuwa na deni la zawadi na si deni la haki. Kinachodaiwa kulindwa ni amana: mtu anapompa mwingine idhini ya kuchota kwenye akaunti yake kila mwezi bila kuulizwa, amempa funguo. Aliyepewa funguo hapaswi kupima jinsi mwenye nyumba anavyolala.

Tofauti kati ya kunyamaza na kununua inaonekana vizuri katika biashara ya bando, kama vifurushi vya intaneti viitwavyo kwa Kiswahili cha mitaani. Wateja wengi wa intaneti Tanzania na Kenya hulipia kabla ya kutumia. Bando linapokwisha limekwisha. Atakayenyamaza hapati huduma, lakini pia hatozwi. Mfumo huo una kero zake, na watumiaji hulalamikia bei za bando na muda wake mfupi kila siku. Hata hivyo ndani yake kunyamaza kwa mteja hakuna maana nyingine isipokuwa kwamba hajanunua. Katika mkataba wa Uingereza kunyamaza kumegeuzwa kuwa ununuzi, tena wa bei mpya. Mswahili anayehamia London au Birmingham akitoka kwenye desturi ya bando ana kila sababu ya kudhani kwamba ofa ikiisha atajulishwa kwa kukatiwa.

Immanuel Kant, mwaka 1795, alitoa kipimo ambacho alikikusudia kwa haki za dola na mataifa, na kukileta sokoni ni kukivuta kidogo: nia inayohusu haki za wengine ambayo haiwezi kutangazwa bila kujiharibu yenyewe ni nia isiyo ya haki. Kampuni zitasema bei ya baadaye zilishaitangaza, na ni kweli. Isiyotangazika ni nia. Hakuna tangazo linaloweza kuandikwa kwamba bei hii ya chini inawezekana kwa kuwa tunatarajia usahau. Tangazo lenyewe lingewakumbusha.

Jambo moja linachanganya picha, nalo halipaswi kurukwa. Wasiohama si maskini watupu. Wamo matajiri wenye shughuli nyingi ambao pauni 17 kwa mwezi hazistahili nusu saa yao, na wamo wenye kipato kidogo wanaojua kulinganisha bei kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo anayetaka kuipinga tofauti hii kwa hoja ya usawa wa kipato pekee atakwama. Lakini wamo pia wazee, wagonjwa, walemavu, waliofiwa, na wasioimudu lugha ya mkataba, watu ambao CMA ilionyesha wasiwasi juu yao katika jibu lake la Desemba 2018. Kwa hao, kusema kwamba wangeweza kupiga simu ni kusema jambo ambalo huenda si kweli, na hoja ya kioo na johari inakosa sharti lake la kwanza, kwamba mnunuzi alikuwa na uwezo wa kuuliza.

Sheria za Uingereza zimelijibu swali kwa namna mbili zisizofanana. Katika intaneti na simu, mdhibiti Ofcom alichagua kuvunja ukimya wa muuzaji. Tangu Februari 2020 kampuni zinapaswa kumjulisha mteja, kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba kuisha, kwamba unaisha, bei itakuwa ngapi baada ya hapo, na ofa zake bora ni zipi, zikiwemo zile za wateja wapya. Septemba 2024 ulianza utaratibu ambao kampuni anakohamia mteja ndiyo inayoshughulikia kumtoa kule alikokuwa. Kuanzia tarehe 17 Januari 2025, mikataba mipya haiwezi kuwa na nyongeza za katikati zinazofungwa kwenye mfumuko wa bei, zile ambazo mwaka 2023 ziliwapandishia wateja wengi asilimia 14.4 kwa mkupuo. Nyongeza yoyote lazima itajwe kwa pauni na peni tangu mwanzo. Marekani ilifuata njia ya aina hiyohiyo mwaka 2024, ilipozitaka kampuni kuonyesha kwenye lebo kama bei ni ya muda na itakuwa ngapi baadaye. Sheria hizi zinamwondoa mteja katika nafasi ya mwenye msafara na kumweka sokoni. Mashafii wangeridhika nazo.

Katika bima ya nyumba na ya gari, mdhibiti wa masuala ya fedha, FCA, alikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2022, mteja anayehuisha bima hawezi kutozwa zaidi ya anavyotozwa mteja mpya wa aina yake. Hapo aliyesoma barua na asiyeisoma wanalipa sawa, na ofa za kuvutia wageni zilitarajiwa kupungua, kwa kuwa hakuna tena wa kuzilipia. Hiyo ni hukumu ya Ibn Taymiyya karibu neno kwa neno. Katika intaneti hukumu hiyo haijafika: taarifa ikishatumwa, na muda ukapita bila jibu, bei ya juu bado ni halali, hata kama bahasha imekaa mezani bila kufunguliwa.